Orodha ya Kamati ya Maadili

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpe mkazamjomba. Mwambie lile shuka alilonifungashia siku naondoka bado ndilo ninalojifunika. Natumaini miguu yako imepungua kuvimba na paa la kanisa limestahimili mvua. Mimi mzima. Nimehama kile chumba chenye unyevu, sasa nakaa ghorofa ya pili, na dirisha langu linatazama maegesho ya magari ya serikali. Ukitaka kujua nani anapendwa wiki hii na nani ametupwa, unaangalia tu ni gari lipi limeoshwa.

Hayo magari ndiyo yananileta kwenye habari yenyewe. Tangu mwezi uliopita siko tena gazetini. Nimechukuliwa na ofisi ya Waziri kumwandikia hotuba. Sisi tunamwita Mheshimiwa hata akiwa hayupo, kwa hiyo nami nitamwita hivyo. Ni mtu wa kusikiliza. Juzi alituuliza mezani ni jambo gani linalowauma watu kweli kweli, lisiwe barabara wala maji, maana hayo hata wapinzani wake wanayasema. Nikajikuta nimesema pombe. Nikamsimulia mahubiri yako ya yule fundi matofali uliyemzika, alivyokutwa mtaroni na maji hayafiki hata magotini, na mkewe akauliza mbele ya kaburi mwiko wa mumewe uko wapi, kwa sababu ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kuuza. Mheshimiwa akasema, "Huyo mjomba wako ayaandike mahubiri hayo. Yote."

Basi naomba uyaandike. Sijui kama unaelewa maana yake, mjomba. Maneno uliyowaambia watu mia moja yatasikiwa na nchi nzima.

Habari za mama sikuulizi, najua hupiti kwake. Nilimpa salamu dereva wa lori la nafaka, akarudi na jibu kwamba hajambo na ana kazi nyingi.

Mimi mpwa wako.


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkazamjomba wako anasema shuka lile lilikuwa la kutandika, si la kujifunika, lakini basi. Miguu ni ile ile. Paa limevuja upande wa kwaya, nao wanaimba wamebanana kwenye benchi moja ili wasilowe, na nadhani sauti zimekuwa nzuri zaidi.

Nimefurahi, na sitajifanya sikufurahi. Miaka ishirini na tatu nimesimama mimbarini nikisema maneno yale yale kwa watu wale wale, na Jumatatu nawakuta vilabuni wakinipisha njia kwa heshima, bakuli mkononi. Nimewazika wengi kuliko niliowaokoa. Leo mtu mwenye madaraka anataka kusikia. Ningekataa vipi? Mkazamjomba wako yeye hakufurahi. Alisema, "Polisi hajawahi kumtoa mtu dhambini." Nikamjibu kwamba hata mchungaji hajawatoa wengi. Tukaendelea kuchambua maharage.

Nakutumia mahubiri yote, kurasa kumi na moja. Nakusihi jambo moja tu: kurasa mbili za mwisho zisiachwe. Humo nasema kwamba mwanamke anayepika pombe hapiki kwa kuipenda, na kwamba kanisa likimfukuza bila kumwonyesha kazi nyingine limemfukuza mara mbili. Kurasa hizo sijawahi kuzihubiri. Niliziandika mwaka ule, baada ya lile la mama yako, na kila Jumapili nikakosa ujasiri.

Lile unalijua, lakini ulikuwa shuleni, hukuliona kwa macho. Nilimtaja mimbarini, dada yangu mkubwa, kwa jina lake, kwamba anapika pombe na kuja kuimba nasi. Alikuwa amekaa benchi la tatu. Alinyanyuka, akachukua mkoba wake, akatoka taratibu kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Mwaka wa kumi na moja huu hatujasemeshana. Anakaa mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, na habari zake nazipata kwa muuza mkaa. Bado anapika. Watu wanamwita Mama Mapipa, naye anaitika.

Hajambo, nasikia.

Mjomba wako.


18 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nina haraka, nisamehe salamu fupi. Mwambie mkazamjomba nimenunua blanketi.

Hotuba imetolewa. Bila shaka uliisikia redioni. Walisimama kupiga makofi hata wale wa upande wa pili, maana nani atabaki amekaa mbele ya mke wa fundi matofali? Sentensi niliyoiandika mimi, "Dini imeonya vya kutosha, sasa serikali itatenda", redio imeirudia siku nne mfululizo. Viongozi wa dini zote wamempigia simu Mheshimiwa. Watu ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja sasa wanakaa, wananywa chai, wanakubaliana.

Kurasa mbili za mwisho hazikuingia. Ningeweza kusema zilikatwa na wengine, lakini mkasi nilishika mimi. Mheshimiwa alisema huwezi kumwonyesha mtu adui halafu umwombe amhurumie, watu watarudi nyumbani wamechanganyikiwa. Nilibisha kidogo. Ana uzoefu kuliko mimi.

Sasa kuna muswada. Kupika pombe nyumbani litakuwa kosa la jinai. Pombe ya chupa haimo, ile ina leseni, na tumeshauriwa tusipigane vita viwili kwa wakati mmoja. Kila wilaya itakuwa na Kamati ya Maadili, mwenyekiti awe kiongozi wa dini, na kamati zitaanza kazi sasa hivi, kabla hata sheria haijapita, ili bunge lione wananchi wenyewe wanaitaka. Jina lako nimelipeleka mimi. Utaalikwa mwezi ujao uje ufungue mkutano kwa sala. Vaa koti zuri.

Mpwa wako.


27 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mkazamjomba wako macho yanamsumbua, haoni tena vya karibu, amenipa kazi ya kutunga uzi kwenye sindano zake.

Nilifika mkutanoni, kama ulivyoniona kwa mbali. Walinikalisha mstari wa mbele, na mtu wa picha akaniomba nisogee karibu na Mheshimiwa. Picha imebandikwa ofisi ya wilaya. Tangu hapo kanisa linajaa. Wanakuja watu ambao sikuwahi kuwaona, wafanyabiashara, maofisa, wanakaa mbele na kuitikia kwa sauti. Sadaka imetosha paa jipya. Sitakuficha, ni jambo tamu mtu akizeeka kuambiwa kwamba alikuwa sahihi.

Kamati tumekutana mara tatu. Kamanda wa polisi ni mjumbe, na mwenyekiti wa chama, na wachungaji wenzangu wawili, na sheikh, na mzee wetu wa kanisa, yule fundi cherehani. Fundi cherehani aliuliza swali kikao cha pili. Alisema, "Tunafukuza pombe, au tunafukuza wanawake wanaoiuza? Maana nikitoka hapa naweza kununua chupa dukani kwa mwenyekiti." Mwenyekiti wa chama akacheka, akamuuliza kama yeye mwenyewe ameshapata moja asubuhi hii. Kila mtu akacheka. Fundi hakuuliza tena. Mimi sikucheka, lakini sikusema kitu pia. Nilifikiri nitasema kikao kinachofuata.

Mbele ya kanisa, ng'ambo ya barabara, wamesimamisha ubao mkubwa wa tangazo la bia. Msichana anacheka, chupa mkononi. Nikiwa mimbarini naye ndiye ninayemtazama, ananitazama. Nimeuliza, nikaambiwa ubao huo una kibali.

Wameleta orodha ya nyumba zinazopika. Nyumba arobaini na moja, kila moja na namba ya mlango. Nilikaa nayo siku mbili, nikaitia saini.

Mvua zimepungua.

Mjomba wako.


6 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jambo moja, halimo. Mlango wa mama umo kwenye orodha?

Kama umo, utoe. Wewe ndiye mwenyekiti, mstari mmoja wa kalamu unatosha, na hakuna atakayekuuliza. Mimi siwezi kuuliza kutoka huku. Ofisini wanaamini mama yangu ni mshonaji. Nilijaza fomu hivyo siku ya kwanza, na jambo kama hilo ukishaliandika huwezi kulifuta.

Unajua nilisoma kwa kitu gani. Hatujawahi kulizungumza mimi na wewe, na sitaki tulizungumze sasa. Nijibu tu ndiyo au hapana. Bahasha nimeweka na stempu.

Mpwa wako.


30 Julai

Mpwa wangu,

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na tatu Juni. Sitasingizia posta.

Nilianza kukujibu mara nyingi. Nitakuambia sasa kwa mpangilio, kwa sababu najua utasikia kwa wengine, na wengine watasema vibaya au vizuri kuliko ilivyokuwa.

Mlango wa mama yako haukuwamo kwenye orodha. Waliiandika wakauruka, kwa heshima yangu. Kila aliyekuwa mezani alijua umerukwa. Karani alisoma namba moja moja, alipofika mtaa wa chini akatoka kumi na nane akaenda ishirini, na watu wakatazama dari. Mwenyekiti wa chama akanitazama mimi, akatabasamu kama mtu anayekupa zawadi ambayo siku moja atakuja kuidai. Nikaona kwamba kuanzia hapo kila neno langu la mimbarini litakuwa lake. Nikachukua kalamu, nikaandika kumi na tisa pale juu ya mstari, kwa mkono wangu. Niliona nimefanya jambo la haki. Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo. Hayo yalikuwa Mei.

Barua yako ilipofika ningeweza kuufuta. Nilikuwa na muda karibu mwezi mzima. Nilijiambia kwamba watakuja tu kumwonya, wamwage, waondoke, na labda baada ya hapo atarudi kanisani.

Walikwenda Alhamisi tarehe kumi na moja Julai, saa tatu asubuhi. Wanaume kumi na wawili waliotumwa na kamati, wenye vizibao vya kijani, na polisi wanne. Mimi nilitakiwa niwepo. Nilisimama kona ya mtaa pamoja na kamanda. Walipofika kumi na tisa mama yako alikuwa uani, pipa moja liko jikoni linachemka, uji wa kimea, anakoroga kwa mwiko ule mrefu. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliniona. Akasema, "Umekuja na wageni."

Wakaanza kumwaga yaliyopoa. Hilo lilichukua muda, wengine walikuwa wanachota wanakunywa, na kamanda akageukia upande mwingine. Halafu mmoja akalipiga teke lile lililokuwa motoni. Mama yako alikuwa amesimama upande wa mteremko. Uji ule unashika, si kama maji. Umemuunguza kutoka magotini hadi kwenye vidole vya miguu.

Nilimvua viatu mimi. Ngozi ilikuja navyo.

Yuko hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Nakwenda kila siku. Akiniona anageukia ukutani. Muuguzi amenizoea, ananipa ndoo nikachote maji, na maji hayo anaogeshwa nayo, kwa hiyo kuna kitu kutoka kwangu anachokipokea, ingawa sijui kama anajua.

Mjomba wako.


15 Agosti

Mjomba,

Nimeshindwa kuandika shikamoo, nisamehe, nitaiandika mwishoni kama nitafika.

Mimi nilikata kurasa mbili. Wewe uliongeza mlango. Nimekuwa nikiyapima haya mawili wiki nzima njiani kwenda kazini, na sijui kwa nini nayapima, kana kwamba mwenye kosa dogo ataachiwa aende nyumbani.

Ulijua. Ulikuwa na barua yangu mfukoni umesimama kona ya mtaa. Ulitaka uonekane msafi mbele ya watu sita mezani, ukanunua usafi huo kwa miguu ya dada yako. Usiniambie ilikuwa haki. Haki ingekuwa kulifuta jina lako kwenye Kamati, au kumuunga mkono fundi cherehani alipouliza.

Nisikilize lakini. Sheria yenyewe si mbaya. Mikono ndiyo iliyokosea. Nchi nzima watu wanakufa kwa hizi pombe, wewe mwenyewe ulisema, na ulikuwa sahihi. Kama kila jambo jema litaachwa kwa sababu mtu mmoja alipiga teke pipa, basi hakuna kitakachofanyika.

Siwezi kuja sasa. Muswada unasomwa mara ya pili wiki ijayo, na magazeti yameanza kuuliza habari za majeruhi. Mheshimiwa ananihitaji hapa. Nitakuja muswada ukishapita. Nimetuma dawa ya kupaka kwa dereva wa lori, na pamba safi. Usimwambie mama kwamba nilijua kabla.

Shikamoo.


3 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Dawa ilifika, na pamba. Muuguzi anasema ni dawa nzuri, ya watu wakubwa.

Wodini kuna redio, imewekwa juu ya kabati la vyombo. Wagonjwa waliomba wasikilize bunge. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo niliyoigeuza kichwa chini, mama yako ametazama ukuta. Tukamsikia Mheshimiwa akisema kwamba kazi ya kamati imekwenda kwa amani kote, na kwamba "watu wachache walipata michubuko midogo, wengi wao kwa kukimbia." Wanawake watatu katika wodi ile wamelala kwa kazi ya kamati. Kisha mama yako akasema, akiwa bado ametazama ukuta, "Hayo ni maneno ya mwanangu. Akivunja chombo alikuwa anasema hivyo hivyo: kimechubuka kidogo, mama, tena kilikimbia chenyewe."

Ukiacha yale ya uani siku ile, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyosema mbele yangu kwa miaka kumi na moja, na hayakuwa kwangu. Sikumwambia ulijua kabla. Sidhani kama kuna haja.

Kamati nimejitoa. Niliandika barua, mwenyekiti wa chama akaipokea, akasema pole kwa uchovu, na siku ya pili akatangazwa mchungaji mwingine, kijana, mwenye sauti nzuri. Jumapili iliyofuata nilipanda mimbarini nikasoma zile kurasa mbili. Zote, taratibu, bila kuongeza. Nilipofika pale pa kanisa kumfukuza mwanamke mara mbili, mstari wa mbele ulinyanyuka. Walitoka wakinong'ona. Nilimaliza mbele ya kwaya, na mkazamjomba wako, na fundi cherehani, na wazee wachache ambao sijui kama walikuwa wanasikiliza au wamelala. Jumanne wazee wa kanisa walikuja nyumbani. Walikuwa wapole sana. Walisema miaka ishirini na tatu ni mingi, na kwamba paa jipya litazinduliwa na mchungaji mpya.

Unaniambia sheria si mbaya, mikono ndiyo iliyokosea. Nami nilikuwa nasema hivyo. Dhambi niliyokuwa naihubiri ilikuwa ya mtu na Mungu wake, na nilipoiona imeingia kwenye faili la kamanda nilidhani imepandishwa cheo. Pombe ile inaua, bado nasema. Lakini sikumwona hata mlevi mmoja aliyeacha. Wanavuka barabara tu, wanakwenda upande wa msichana wa chupa.

Mjomba wako.


20 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo, na kwa mkazamjomba pia, natumaini amepata miwani. Pole kwa habari za kanisa. Ungenieleza mapema ningeweza kusema neno kwa mtu.

Sheria imepita. Umesikia. Nilidhani nitajisikia vibaya siku ile, lakini ukweli ni kwamba nilichoka tu. Mheshimiwa amepandishwa, na sisi tuliokuwa naye tumepandishwa. Sasa nina chumba changu na msichana wa kupiga chapa. Gari la ofisi naruhusiwa kulitumia mara moja kwa mwezi. Natarajia kuja Desemba. Nimekwishatafuta fundi wa kumtengenezea mama viatu maalumu, vya ngozi laini, visivyobana. Naomba unipimie miguu yake kwa kamba.

Najua mlivyonikasirikia. Lakini fikirini. Nikiondoka mimi, kiti kitakaliwa na mwingine ambaye hana mama aliyeungua, na huyo ataandika mabaya zaidi. Nikibaki naweza kupunguza. Neno "wachache" lilikuwa langu, ndiyo. Rasimu ya kwanza niliyopewa ilisema hakuna hata mmoja.

Jambo la mwisho, ukinikatalia nitaelewa. Mheshimiwa anatafuta suala la mwaka ujao, na viongozi wa dini wamependekeza mavazi ya wanawake. Wamesema hapo wote wanakubaliana. Nakumbuka uliwahi kuhubiri juu ya mavazi nilipokuwa mdogo. Kama kuna maandishi, yangenisaidia kuanzia.

Mpwa wako.


11 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii si yangu. Mama yako ametaka kukuandikia, na hana mwingine wa kumshikia kalamu, mkazamjomba wako haoni. Ametaka niandike anavyosema, nisitengeneze. Sitengenezi.

Mwanangu, hujambo. Mimi sijambo. Miguu imefunga ngozi, wa kushoto unavuta nikisimama. Nakaa kwa mjomba wako, chumba cha nyuma, kwa sababu kwangu wamefunga kwa mnyororo. Usifikiri tumepatana. Mkewe alikuja hospitali na mkokoteni, mwanamke haoni vizuri, anasukuma mkokoteni barabarani anauliza watu njia. Ningemkataaje? Nakula chakula chake. Mimi na mjomba wako tunapishana mlangoni.

Nimemlazimisha anisomee barua zako zote, na anieleze alichojibu. Kwa hiyo ya mshonaji nimeyasikia. Sindano nimeishika kutoa miiba tu. Hilo halikuniuma sana. Ulikuwa unajaza fomu, na kwenye fomu watu huandika wanachotakiwa.

Unasema mikono ilikosea. Aliyepiga teke pipa namjua. Amekunywa kwangu miaka sita, na mkewe alipojifungua nilimpelekea uji siku saba. Alinitazama kwanza, kisha akamtazama mjomba wako pale kona, ndipo akapiga. Alikuwa anataka aonwe.

Mjomba wako anadhani sijui kwamba yule fundi matofali alitoka kunywa kwangu. Najua. Nilimwambia siku ile atosheke, akakataa, nikampa. Nilikwenda mazishini nikakaa nyuma kabisa. Hilo ni langu. Nitaulizwa na Mungu na nitajibu, lakini sijibu kwa Waziri, na wewe usilisimulie tena mezani kwao.

Wewe umesoma kwa pipa, unajua. Usilojua ni hili. Mjomba wako naye alisoma kwa pipa lile lile. Chuo cha uchungaji, miaka mitatu, mpaka koti jeusi alilovaa siku ya kwanza kupanda mimbarini.

Hapa ameacha kuandika. Nimemwambia aendelee.

Nilimpa bila kumwambia mtu, akapokea bila kumwambia mtu. Siku aliyonitaja mbele ya watu nilikuwa nimekaa nalitazama koti lile. Lilikuwa limechakaa viwikoni, nikawa nafikiria nimtafutie jingine. Ndipo nikasikia jina langu. Nimesikia mwezi wa nane alisoma kurasa zake mbili kanisani, za kuwahurumia wapika pombe. Hili hakulisoma. Leo ameliandika, basi lipo.

Mavazi hana maandishi. Na kama anayo, nitayawashia moto.

Miguu yangu hapimi mtu kwa kamba. Desemba usije na gari la ofisi. Njoo siku utakayoweza kuwaambia hao unaokaa nao mezani mama yako alifanya kazi gani, na nini kimempata. Siku hiyo njoo hata kwa miguu, nitakufungulia. Usipoweza, kaa huko. Wasioweza ni wengi, na mmoja wao ndiye ninayemtajia maneno haya anayaandika.

Mama yako. Hapa chini nimeweka dole gumba.